Kutengeneza onesho la mtu mmoja Mtwara: kutoka uani kwa wabanguaji hadi mbele ya watu

Vijana wengi wa huku kwetu wanaotaka kuwa wasanii wa maonesho huanzia mahali palepale: wanatafuta wazo. Wanaandika kwenye daftari "ukosefu wa ajira", "mazingira", "mila zetu", kisha wanafunga kanga kiunoni, wanacheza sindimba dakika tatu, wanamaliza kwa kuinua ngumi juu. Nimeyatazama maonesho ya aina hiyo kiasi kwamba najua ngumi itainuka lini kabla mchezaji mwenyewe hajajua. Mwongozo huu unaanzia kwingine. Unaanzia kwenye kazi za mikono zinazofanyika karibu na mlango wako, na utakufikisha kwenye onesho la nusu saa hivi ambalo halihitaji jukwaa, taa wala spika.

Onesho ninalolizungumzia si igizo la wahusika na maneno ya kukariri. Ni sanaa ya utendaji: mwili wako, kitendo cha kweli, muda wa kweli, watu mbele yako. Ukibeba gunia, umelibeba, ukichoka, umechoka. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kubangua korosho kwa mkono, kwa sababu ni kazi ambayo kila mtu Mtwara na Lindi ameiona na karibu hakuna anayeitazama. Wewe unaweza kuweka badala yake kupara samaki feri, kuvua pweza maji yakipwa, kushona makuti au kuchonga mpingo. Hatua ni zilezile.

Kwanza kalenda

Panga kazi yako kwa misimu ya hapa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Korosho zinaanza kuokotwa mwishoni mwa Septemba na Oktoba, na zinaendelea mpaka mwaka unakwisha. Kwa hiyo Oktoba hadi Desemba unakusanya, Januari hadi Aprili unafanya mazoezi ndani, Mei unawaonesha watu wachache rasimu, na kuanzia Juni unatoka nje.

Kiangazi kina mambo yake. Upepo wa kusi huvuma, na ufukweni sauti yako itaishia mdomoni. Huko mashambani ndio wakati wa kupulizia salfa mikorosho, kwa hiyo watu hawako nyumbani asubuhi. Tena baada ya mavuno ya chakula ndipo jando na unyago hushika kasi, na Jumamosi yenye ngoma ya mwali mtaani si Jumamosi ya kuwaita watu waje kukutazama wewe. Watakwenda kwa mwali, na wana haki.

Hatua ya kwanza: daftari la mikono

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Tafuta ua ambao korosho hubanguliwa. Kama huna ndugu mwenye kazi hiyo, muulize mama anayeuza korosho za kukaanga stendi anazipata wapi. Mara nyingi atakuelekeza, wakati mwingine atakupeleka mwenyewe. Ukifika, salimia kama mtoto wa watu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unataka kilo ngapi?"

"Sijaja kununua bibi. Nimekuja kuangalia mikono yako inavyofanya kazi, kama utaniruhusu."

Atacheka, au ataita wenzake waje kukuona. Usianze kueleza habari za sanaa. Kaa chini, omba jiwe na kipande cha chuma, ubangue naye. Korosho zilizochomwa kwenye kikaango chenye matundu zina moshi mkali, na ganda lina mafuta yanayobabua ngozi. Ndiyo maana utaona vidole vimepakwa majivu. Pakaa na wewe. Mtu aliyekaa pembeni na daftari ataonwa kama karani wa halmashauri, na mbele ya karani mikono hubadilika.

Rudi tena siku nyingine, na nyingine. Usirekodi video mwanzoni. Mtu akiona simu imenyanyuliwa hunyoosha mgongo, hurekebisha kanga, na kile kitendo ulichokifuata kinatoweka. Video ije baadaye, kwa ruhusa, akishakuzoea hadi anasahau kuwa upo.

Jioni, ukiwa nyumbani, andika. Na uandishi wenyewe una namna yake. Hili ni andiko baya: *Bibi anabangua korosho kwa huzuni huku akiwaza ugumu wa maisha.* Huzuni hiyo umeitoa kichwani mwako. Andiko zuri linafanana na hili:

*Bega halisogei. Kiwiko kimebanwa ubavuni. Kipigo kinatoka kwenye kifundo cha mkono, ni kifupi. Macho yako kwenye korosho inayofuata, si hii anayoipiga. Kila baada ya muda ananyoosha mguu wa kushoto, anahema, anaurudisha. Akizungumza mkono hausimami. Akicheka unasimama.*

Hebu soma tena sentensi mbili za mwisho. Mkono unaofanya kazi wakati wa maneno na kusimama wakati wa kicheko tayari ni nusu ya onesho, na hakuna mtu duniani angeweza kulibuni hilo akiwa amekaa kwenye kiti. Andika kitendo kinaanzia kiungo gani, uzito uko wapi, pumzi inaingia lini, macho yanaelekea wapi, sauti gani inatoka, na nini hubadilika uchovu ukiingia. Uchovu uufuatilie sana. Saa ya kwanza watu wote hubangua karibu sawa. Saa ya tatu kila mtu ana mwili wake.

Daftari likijaa kurasa za kutosha, utakuwa na vitendo kama thelathini hivi. Vingi havitatumika. Usivifute.

Hatua ya pili: ondoa jiwe

Tafuta chumba chenye sakafu tupu. Darasa la shule ya msingi baada ya saa kumi linafaa, na mwalimu mkuu akiombwa vizuri hukubali mradi ufagie ukimaliza. Fanya kitendo kimoja kutoka daftarini bila jiwe na bila korosho. Mara za mwanzo mkono utakuwa mwepesi mno, utaonekana kama unaigiza. Endelea mpaka mkono wenyewe ukumbuke uzito wa jiwe. Ukipotea, chukua jiwe la kweli, piga mara kumi, liweke chini, jaribu tena.

Kitendo kikishakaa, kibadilishe, lakini jambo moja kwa wakati mmoja. Badilisha kasi: kipigo kile kile kwa muda wa pumzi tatu. Badilisha ukubwa, kipigo cha kifundo kiwe cha mkono mzima, kisha cha mgongo mzima. Badilisha kimo, ukifanye umesimama, umelala chali. Badilisha mwelekeo, anzia mwisho urudi mwanzo. Kubangua kinyumenyume ni kitu cha ajabu: ganda linafunga, korosho inarudi kuwa nzima. Kijana mmoja niliyefanya naye zoezi hili alikaa kimya muda mrefu akakirudia hicho tu, na sikumkatisha.

Mwisho wa hatua hii baki na vitendo vitatu. Vitano ni vingi. Kigezo changu cha kuchagua ni kikali kidogo: kitendo chochote kinachofanana na uchezaji, kiache. Kiuno kitakuita, maana ndiyo ngoma uliyokulia. Lakini sindimba imechezwa mbele ya wageni wa serikali na kwenye kumbi za mijini miaka mingi sana, hadi mtazamaji akiona kiuno cha Mmakonde anadhani ameshajua kila kitu kinachofuata. Anapiga makofi na kuacha kutazama. Kiuno kihifadhi kwa kazi nyingine.

Hatua ya tatu: weka kanuni

Vitendo vitatu si onesho bado. Kinachovishikilia ni kanuni: sheria moja iliyo rahisi kiasi kwamba mtoto anayetazama anaweza kuigundua.

Tehching Hsieh, msanii wa Taiwan aliyekuwa akiishi New York, alijiwekea kanuni ya namna hiyo mwaka 1980: kila saa, usiku na mchana, kwa mwaka mzima, atagonga kadi kwenye saa ya kiwandani inayoandika muda wa wafanyakazi kuingia. Hakuongeza hotuba wala muziki. Kila anayeisikia kanuni hiyo huanza mwenyewe kuwaza habari za usingizi, za kazi, za mwajiri. Siyo lazima ufanye mwaka. Nusu saa yenye kanuni inayobana inatosha.

Kwa mfano wetu, twende hivi. Kilo moja ya korosho ghafi ina korosho kama 200, pungufu au zaidi kulingana na ukubwa. Kanuni: *kipigo kimoja kwa kila korosho ya kilo moja, na kila nikishapiga, korosho moja inaenda kwenye kiganja cha mtazamaji.* Lundo liko pembeni yako, zima, halijabanguliwa. Unapiga hewani, unaokota moja, unampa mtu. Ukipiga kila baada ya sekunde 7, korosho 200 zitakuchukua kama dakika 23. Lundo likiisha, onesho limeisha.

Angalia kanuni inavyokufanyia kazi. Hujasema lolote juu ya bei, lakini mkulima aliyepeleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika, akarudi nyumbani kusubiri mnada ataona watu wamesimama na korosho viganjani bila kujua wafanye nini nazo. Hujasema lolote juu ya ujira, lakini mbanguaji anajua kuwa kilo moja iliyobanguliwa hutoka kwenye kilo nne au tano za ghafi, na atakuwa anahesabu vipigo vyako. Kishawishi cha kufafanua kitakujia. Utataka kuweka kipande kuhusu kangomba, ule ununuzi wa korosho mitaani nje ya mnada, utataka kugawa vikaratasi mfano wa stakabadhi ghalani, utataka mwishoni usimame useme kitu. Acha. Kama kanuni haijaeleweka, rekebisha kanuni.

Korosho zenyewe omba kwa mkulima unayemfahamu. Kilo moja ya kupewa haina neno, lakini usizunguke mitaani kununua kwa vipimo, maana hiyo ndiyo kangomba yenyewe na imepigwa marufuku.

Hatua ya nne: mwili wa dakika 23

Kukaa chini na kurudia kitendo kimoja dakika 23 ni kugumu kuliko kucheza ngoma. Goti hufa ganzi, mgongo wa chini huuma, na mkono unaopiga huanza kujitafutia njia za mkato. Fanya mazoezi kwa muda mfupi kwanza, ongeza dakika chache kila wiki, na mara moja kwa wiki fanya zima bila kusimama. Pasha moto vifundo vya mikono, mabega na nyonga kabla. Fanya mazoezi na nguo utakayovaa siku ile. Kanga inayoteleza inajulikana mapema, siyo mbele ya watu.

Joto la pwani lisikudanganye. Kunywa maji kabla, siyo wakati wa onesho, na baada ya kutoka jasho jingi kunywa maji ya dafu au maji yenye chumvi kidogo na sukari.

Kuna vitu usiviingize kabisa. Maganda mabichi yaliyopasuliwa yana mafuta yale yanayobabua, kwa hiyo yasiguse ngozi yako wala ya mtazamaji. Korosho nzima isiyopasuka haina shida. Salfa usiitumie kama vumbi la kupendezesha picha, inawasha macho na kifua. Chokaa vilevile. Ukitaka unga mweupe, najua utafikiria unga wa muhogo. Kimaumbile hauna madhara, lakini Februari, ghala zikiwa tupu na mavuno bado, kumwaga unga chini mbele ya watu ni tusi, na hakuna maelezo ya sanaa yatakayolifuta. Chekecha majivu ya jikoni. Yanatosha, na ndiyo hayohayo wabanguaji wanajipaka.

Hatua ya tano: visivyo vyako

Mapema au baadaye utatamani kuchukua kitu kutoka jandoni, unyagoni au kwenye lipiko, kinyago cha ngoma. Hii ni sehemu ambayo wasanii wa mjini huivamia, na wa kijijini huiogopa kupita kiasi.

Lipiko la Wamakonde huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu linavaliwa kichwani kama kofia. Mengi yana chale zilizotengenezwa kwa nta, na baadhi yana nywele za watu. Mwili wa anayevaa hufunikwa wote. Anayecheza humo ndani hatajwi, na wasiopitia jando hawatakiwi kujua kinyago kinatengenezwaje wala nani yumo. Ukilivaa lipiko kwenye onesho lako kisha ukalivua mbele ya watu ili "kuonesha mtu aliyejificha", umefanya jambo ambalo wazee wa Newala hawatakusamehe, na mimi sitakutetea. Nyimbo na mafunzo ya ndani ya unyago ni hivyo hivyo. Yaliyofundishwa ndani na kungwi yabaki ndani, hata kama umeyapitia mwenyewe.

Yanayoonekana hadharani ni jambo tofauti. Mwali anapotolewa, mtaa mzima uko pale. Namna umati unavyofunguka kupisha, namna mama wa mwali anavyotembea, namna mpiga ngoma anavyomwangalia mchezaji miguuni na si usoni: haya unaweza kuyaandika daftarini. Hata hivyo muulize kungwi au nyakanga wa eneo lile, umweleze unataka kufanya nini, usikilize. Akisema hapana, ni hapana. Akisema ndiyo kwa sharti, sharti hilo huenda likawa kanuni bora kuliko uliyokuwa nayo. Na wazee wenye chale za usoni au waliotoga ndonya mdomoni si mapambo ya bango lako. Picha zao ni zao.

Ukihitaji mpiga ngoma, kubalianeni malipo kabla ya mazoezi ya kwanza. Nauli ihesabiwe mbali na posho. Kumwambia mzee "tutaangalia kitakachopatikana" ni kumwambia hutamlipa, naye anaijua lugha hiyo.

Hatua ya sita: mahali

Zunguka na mkeka wako. Kaa mahali panapokuvutia kwa muda ule ule wa onesho, saa ile ile, bila kufanya chochote, uone nini kinapita.

Mikindani huvutia kila msanii kwa sababu ya kuta zake za zamani na boma la Wajerumani la mwaka 1895. Ni mahali pazuri, ila mahali penye historia nzito kiasi hicho pataizungumzia kazi yako kabla hujafungua mdomo. Onesho la korosho mbele ya jengo linalojulikana kama soko la watumwa litakuwa onesho la utumwa, upende usipende. Kama ndilo unalolitaka, sawa. Kama silo, nenda chini ya mkorosho, au pembeni ya ghala, au kwenye uwanja wa mtaani ambako watu hucheza bao.

Ufukweni, Shangani kwa mfano, soma maji kwanza. Kupwa na kujaa hupishana kwa saa sita hivi, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri, na mchanga ulioupenda asubuhi saa nne hautakuwepo saa kumi jioni. Muulize mvuvi. Atakwambia bila kuangalia simu.

Saa nzuri kwetu ni kuanzia saa kumi na moja kasoro. Jua limeshuka, wafanyakazi wanarudi, na mwezi wa Juni giza huingia mapema, jua likizama mara baada ya saa kumi na mbili. Onesho la dakika 23 lianze mapema ya kutosha ili watu waonane nyuso mwishoni.

Watu wakae duara au nusu duara, karibu. Kama kanuni yako inahitaji uwape kitu mkononi, mtazamaji wa mbali asizidi hatua utakazoweza kutembea bila kuvunja mapigo.

Hatua ya saba: ruhusa

Fupi lakini usiiruke. Anza na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri, naye atakueleza taratibu za Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984 na ambalo wasanii hujisajili kwake. Toa taarifa polisi kama mkusanyiko uko barabarani au sokoni. Kwenye magofu na majengo ya kihistoria, Kilwa Kisiwani kwa mfano, uombe kwa mamlaka inayolisimamia eneo husika. Barua iwe ya ukurasa mmoja: nani, wapi, siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi, watu wangapi, kitafanyika nini. Usiandike "onesho la kupinga" au "la kuhamasisha" kama hupingi wala huhamasishi. Andika "msanii atakaa chini na kugawa korosho kwa watazamaji".

Usidhani kutokuwa na maneno kunakulinda. Jelili Atiku, msanii wa utendaji wa Nigeria, alikamatwa Januari 2016 baada ya onesho alilolifanya mtaani kwao Ejigbo, Lagos. Alikuwa ameshatambuliwa kimataifa wakati huo.

Hatua ya nane: rasimu mbele ya watu watatu

Kabla ya siku kubwa, fanya onesho zima mbele ya watu watatu, kila mmoja kwa siku yake. Wa kwanza ni yule bibi mwenye mikono uliyoiazima. Wa pili ni mtoto wa darasa la nne au la tano. Wa tatu ni mtu asiyekufahamu, dereva wa bodaboda aliyepumzika, muuza vocha.

Usiwaulize kama wamependa. Watakujibu "nzuri sana, hongera", na utarudi nyumbani mtupu. Muulize bibi: "Wapi nimekosea kazi?" Atakurekebisha mkono, na mara nyingi rekebisho lake litakuwa bora kuliko ubunifu wako. Muulize mtoto: "Sheria ya mchezo ilikuwa nini?" Asipoweza kusema, kanuni haionekani. Muulize mgeni: "Ni wakati gani ulitazama pembeni?" Andika dakika aliyoitaja. Wote watatu wakipotea sehemu moja, ikate, hata kama ndiyo uipendayo. Na kama bibi hataki onesho litoke nje, kaa naye mpaka ujue kwa nini. Mikono ni yake kabla haijawa yako.

Hatua ya tisa: siku yenyewe

Kuwa na msimamizi, mtu mzima mwenye sauti, ambaye hafanyi kitu kingine chochote isipokuwa kukulinda wewe na kanuni. Marina Abramović aliweka vitu 72 mezani mjini Naples mwaka 1974, vikiwemo ua, asali, mkasi na bastola yenye risasi yake, akawaruhusu watazamaji wamfanyie wapendavyo kwa saa sita. Nguo zake zilikatwa, ngozi ikachanjwa, na bastola ikaelekezwa kwake. Sikushauri uige hayo. Lakini ukishampa mtazamaji kitu mkononi, hata korosho, umempa na uwezo wa kukitumia. Kuna atakayekurushia. Kuna atakayekuwekea sarafu mapajani. Kuna mlevi aliyetoka kwenye uraka, pombe ya mabibo, atakayekaa kando yako na kubangua nawe, na huyo mwache, isipokuwa msimamizi aone vinginevyo. Kubalianeni ishara moja ya kusimamisha kila kitu.

Usitangulize maelezo. Msimamizi aseme: onesho ni la dakika 23, mnaweza kukaa, mnaweza kuondoka. Lundo likiisha, simama, kunja mkeka, ondoka. Korosho walizobaki nazo watu ni zao. Wasipojua la kufanya nazo, baki mbali uwatazame, kisha andika daftarini walichofanya.

Hatua ya kumi: kumbukumbu na kuendelea

Mpe mtu mmoja simu, ailaze ubavu, asimame mahali pamoja, arekodi mwanzo hadi mwisho bila kukata. Mwingine apige picha za karibu: mikono, viganja vya watazamaji, lundo likiwa nusu. Pata kibali cha wanaoonekana waziwazi, hasa wazazi wa watoto.

Kisha andika ukurasa mmoja kuhusu kazi: jina, mwaka, mahali, muda, vifaa, kanuni kwa sentensi moja, na aya fupi ya kilichotokea. Usijaze maneno kama "inachunguza" na "inahoji". Sema ulichofanya. Ukurasa huo na video ndivyo utakavyovipeleka kwa waandaaji wa tamasha la MaKuYa hapa Mtwara, ambalo jina lake limeunganisha Makonde, Makua na Yao. Vipeleke pia TaSUBa kule Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981 na chenye tamasha lake la kila mwaka. Nafasi Art Space, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam. Na hata kwa waratibu wa burudani viwanja vya Nanenane vya Ngongo, Lindi. Hao wa mwisho watakutaka ufupishe iwe dakika tano. Kanuni ya korosho 200 haifupishwi hadi dakika tano bila kufa, kwa hiyo waombe kona yako mwenyewe pembeni ya jukwaa, ufanye mara tatu kwa siku, apitaye apite. Masuala ya hakimiliki yapeleke COSOTA ukiwa na video na ukurasa huo mkononi.

Ukialikwa nje ya mkoa, eleza mapema kwenye barua unachohitaji: mkeka, maji, msimamizi, nauli ya kwenda na kurudi, malazi, na ujira wako kwa tarakimu. Korosho beba zako kutoka nyumbani. Ila msimu wa mnada magari hukaguliwa, na mfuko wa korosho ghafi usio na maelezo unaweza kukushusha kwenye basi, kwa hiyo weka ile barua ya mwaliko juu kabisa ya begi.